Stesheni Tatu za Guangzhou na Pesa za Wamama Kumi na Mmoja

Aliyetumwa akirudi hutoa habari. Wengi wenu mmeniuliza China ni namna gani. Wengine mmeniuliza kwa nini viatu vya shule vilikuja vichache. Leo najibu yote mawili.

Niliondoka Butembo alfajiri, pesa za wenzangu kumi na mmoja zikiwa zimeshonwa ndani ya mkanda chini ya kitenge. Nikapita Beni, Kasindi, kisha Kasese, Kampala na Entebbe. Sehemu ngumu mnaijua: ni kati ya Beni na Kasindi, ambako ndani ya gari kila mtu hunyamaza na kuomba. Kutoka Entebbe, ndege ilipitia Addis Abeba ikatushusha Guangzhou, kwenye uwanja wa Baiyun. Saa za kule zimetutangulia sita. Kwao ikiwa ni adhuhuri, kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi, ninyi mnawasha moto wa chai.

Guangzhou ni mji wa bandari kusini mwa China, kando ya mto Zhujiang, maana yake Mto wa Lulu. Zamani Wazungu waliuita Canton. Una watu zaidi ya milioni 18. Waafrika wengi hulala mtaa wa Xiaobei. Pale nilisikia Kilingala, Kifaransa, na siku moja hata Kinande, nikageuka mbio kama niliyeitwa na ndugu.

Msiogope metro, yaani treni inayopita chini ya udongo. Ilianza mwaka 1997, na majina ya vituo yameandikwa pia kwa herufi zetu. Mama anayejua kusoma anaweza kutembea peke yake.

Mkipata nafasi, fikeni bustani ya Yuexiu kuona sanamu ya mbuzi watano. Watu wa kule husimulia kwamba zamani za njaa walikuja watakatifu watano wakipanda mbuzi, wakaleta masuke ya nafaka na kuubariki mji usione njaa tena. Sisi tunaojua uzito wa mbuzi katika mahari tutaielewa hadithi hiyo. Kuna pia mnara wa Canton, mita 600 kwenda juu. Na kuna kanisa kuu la Moyo Mtakatifu, ambalo wenyeji huliita Shishi, nyumba ya mawe. Lilianza kujengwa mwaka 1863, likamalizika mwaka 1888. Waafrika wengi husali pale siku ya Mungu. Niliketi nyuma nikalia kidogo, kwa sababu ya jambo lililonipata siku ya Ijumaa.

Mwuzaji wa viatu alikuwa ameniambia tukutane stesheni ya treni, saa nne. Sikuuliza stesheni gani. Kijana mmoja wa hoteli akanielekeza stesheni ya Kusini, ile kubwa iliyofunguliwa mwaka 2010, ambako treni za mbio huenda hadi Hong Kong. Nilisimama pale kati ya maelfu ya watu, nimeshika tumbo penye mkanda. Simu ilikuwa imekwisha moto. Saa sita ikapita. Mwishowe askari mmoja wa kike aliiangalia karatasi yangu, akatikisa kichwa, akaniandikia maneno ya Kichina kwenye kadi.

Mji ule una stesheni ya zamani, ya Mashariki na ya Kusini. Niliyotakiwa ilikuwa ile ya zamani, penye maduka ya viatu. Kutoka Xiaobei ni kituo kimoja tu cha metro! Nilipofika, mzigo wetu ulikuwa umeuzwa kwa mwingine. Viatu vilivyobaki vilikuwa vya bei ya juu. Badala ya maboksi kumi na sita nilipata kumi na mawili.

Maboksi hayo yalichanganywa na mizigo ya wengine ndani ya kontena moja. Yakapanda meli, yakashuka Mombasa, yakapita Kampala hadi Kasindi kwa lori. Hata dola moja haikupotea, lakini faida ilipungua, na kosa ni langu. Hesabu yote iko kwa mtunza sanduku. Kila mmoja aje aione kwa macho yake.

Basi, atakayetumwa baadaye ashike haya. Aombe anwani iandikwe kwa Kichina kabla hajatoka hotelini. Aulize stesheni gani, asione haya kuuliza mara ya pili. Na afike pale siku moja mbele, aone njia.

Ile kadi ya askari nimeiacha kwa katibu wetu. Atakayekwenda aichukue.