Kutoka Mtutu Hadi Machela

Mchezo wa Traveller ulitolewa mwaka 1977 na Game Designers' Workshop, kampuni ya mjini Normal, Illinois, na mtunzi wake ni Marc Miller. Watu wachache hukaa mezani, kila mmoja na mhusika wake. Refa huwaeleza dunia waliyotua, wao husema watafanya nini, na maneno yakikwama dadu mbili huamua. Nane na kuendelea, umefaulu. Niliukuta bwenini nilipokuwa nasomea uhandisi Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1980. Wenzangu walipenda vyombo vya angani na biashara kati ya sayari. Mimi nilivutwa na kitabu kimoja chembamba chenye jalada jeusi, cha nane katika mfululizo wake, kilichotoka 1986 na kushughulika na jambo moja tu: roboti.

Uzuri wa kitabu kile ulikuwa hesabu. Haikutosha kusema una roboti kali. Ulianza na bodi, ukataja ujazo wake kwa lita. Ukachagua itembee vipi: kwa magurudumu, kwa minyororo kama kifaru, kwa miguu, au kwa mtambo wa kushinda mvutano wa sayari. Ukaipa umeme kwa kilowati, ukaiwekea mikono, macho na masikio, na kila ulichoongeza kilikula nafasi, uzito na pesa. Deraya nene ilitaka injini kubwa, injini ikataka mafuta, mafuta yakataka tangi, na tangi nalo likataka kulindwa kwa deraya. Ubongo ulikuja mwisho. Ulihitaji programu mbili za msingi, kila moja na bei yake: ya kufikiri na ya kupokea amri. Sehemu hiyo tuliijaza upesi, kwa kuwa meza nzima ilikuwa inasubiri silaha.

Kundi letu liliigiza mamluki. Traveller ilikuwa na kitabu cha mamluki tangu 1978, na kila platuni ilitaka mashine ya kutangulia mbele ya askari wa miguu. Niliwachorea moja ya minyororo, kimo chake kiunoni mwa mtu, rashasha juu, kirusha mabomu ubavuni. Kazi yake ilikuwa kupigwa risasi ya kwanza na kujibu kwa mia. Ilisifiwa sana, nikachora nyingine kwa mtindo uleule, kubwa na ghali zaidi.

Historia halisi ilikuwa imeshapita njia hiyo. Mwaka 1942 Wajerumani waliingiza vitani Goliath, kigari cha minyororo kilichobeba kilo 60 za baruti, baadaye 100, kikiongozwa kwa waya uliojikunjua nyuma yake. Vilitengenezwa zaidi ya 7,000. Waya ukikatwa, chombo chote kilikuwa chuma kilicholala barabarani. Niliposoma habari zake nilimpelekea refa wetu, naye tangu siku hiyo akawa anauliza swali jipya kila roboti ilipopotea nyuma ya ukuta: je, bado inakusikia? Ukirusha dadu ukapata saba, haikusikii.

Swali hilo halijazeeka. Urusi ilipoijaribu Uran-9 nchini Syria, taarifa za wataalamu wake wenyewe mwaka 2018 zilieleza kwamba katikati ya majengo mwendeshaji aliweza kuiongoza kwa umbali wa mita 300 hadi 500 tu, na kwamba ilikuwa ikikatika mawasiliano. Hiyo ilikuwa gari ya kivita yenye mzinga na makombora.

Badiliko kubwa kwangu lilikuja baada ya kurudi Nairobi, miaka ya 1990. Tulikuwa tunacheza nyumbani, wahandisi wawili, mwalimu wa sekondari na binamu yangu, karatasi zimetapakaa mezani. Mjomba, ambaye alikuwa amestaafu jeshini, alichukua mojawapo akaisoma mpaka mwisho, miwani puani.

"Hii ni ya nini, mpwa wangu?"

"Ni ya kuwasaidia askari wa miguu, Mjomba."

"Kuwasaidia vipi? Naona bunduki. Maji yao anabeba nani?"

Nikamwonyesha kwamba kila askari hubeba yake. Akavuta kiti. Kwa muda mrefu alitueleza habari ya uzito: maji, risasi, redio na betri zake za akiba, beleshi, chakula, na mwenzako akijeruhiwa, mwenzako. Alisema askari aliyechoka hulenga vibaya hata kama bunduki yake ni mpya. Na akauliza hiyo mashine ikikwama kwenye matope, wangapi wataacha bunduki zao waikwamue. Hakuna kitabu cha mchezo kilichowahi kunipa orodha kama ile.

Kwenye barabara ya Kenyatta, Nairobi, ipo sanamu ya shaba ya watu watatu, ukumbusho wa Waafrika waliokuwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mmoja wao ni mpagazi. Katika vita vile Waingereza waliandikisha wapagazi kwa mamia ya maelfu katika Afrika Mashariki, wakakokotwa kusini kuwafuata Wajerumani wa von Lettow-Vorbeck, na makumi ya maelfu wakafa, wengi kwa maradhi na njaa na si kwa risasi. Nilikuwa nimeipita sanamu ile tangu utotoni. Baada ya maneno ya Mjomba niliitazama kama mhandisi: jeshi lile lilisimama juu ya mabega ya watu hawa, na ikiwa kuna kazi moja ya vita ambayo ningependa mashine iichukue kutoka kwa binadamu, ni yao.

Karatasi zangu zikageuka. Mtutu ulipungua, ukawa bunduki moja ndogo, kisha katika baadhi ya michoro ukatoweka. Lita zilizoachwa zikawa za maji, za betri, za machela mbili. Nilichagua miguu badala ya minyororo, kwa sababu mpagazi hupita palipo na mawe na ngazi. Nikajifunza kupenda vitu visivyopigiwa makofi mezani: ndoano za kufungia mzigo, urefu wa kitanda cha majeruhi, mlango ambao mtu mwenye mkono mmoja anaweza kuufungua.

Dunia ya kweli ilijaribu jambo hilohilo. Boston Dynamics walitengeneza LS3, mnyama wa chuma wa miguu minne wa kubeba kilo 180 hivi pamoja na wanamaji wa Marekani. Ilipanda vilima, ilifuata watu msituni. Mwaka 2015 ikawekwa kando, sababu kubwa ikiwa kelele za injini yake ya petroli, ambazo zingemweleza adui kikosi kilipo. Nilisoma habari ile kwa huzuni, kwani niliitakia mema mashine ile kuliko nilivyowahi kuzitakia SWORDS, roboti 3 zenye rashasha ambazo Marekani ilizipeleka Iraq mwaka 2007. Tangu hapo kila karatasi yangu ina mstari wa ukimya: saa ngapi inaweza kwenda kwa betri pekee. Na mwaka 2019 wanajeshi wa Estonia walikwenda Mali na THeMIS, kigari chao cha minyororo, wakakitumia kubebea vifaa katika joto na vumbi.

Kisha ikaja ile jioni ya kusalimu amri. Binamu yangu alikuwa refa. Tulikuwa tunashambulia kituo kwenye sayari yenye barafu, na roboti yetu, moja ya zile za zamani zenye rashasha, ilitangulia kwenye ujia. Mawasiliano yakakatika. Adui wa mwisho, kijana asiye na jina kwenye daftari la refa, akatupa bunduki na kuinua mikono. Binamu akanitazama: "Kaka, umeiandikia nini?"

Tukafungua karatasi. Kulikuwa na unene wa deraya, kasi ya kufyatua, uwezo wa kuona gizani. Kwenye programu ya kupokea amri palikuwa na amri za bwana wake tu. Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya Mikataba ya Geneva, ya mwaka 1977 uleule wa Traveller, inakataza kumshambulia mtu anayeonyesha wazi kwamba anasalimu amri. Mashine yetu haikuwa na njia ya kuiona mikono ile kama kauli. Hatukurusha dadu. Tulifunga mchezo usiku ule tukaanza kuandika.

Ulimwengu wa Traveller wenyewe una Mapatano ya Shudusham, yanayohusu roboti kubeba silaha. Tulikuwa tukiyataja ili kupandisha bei ya magendo tu. Sasa tuliyachukua kama sheria yenye uzito. Nje ya mchezo, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa agizo namba 3000.09 Novemba 2012 kuhusu nafasi ya uamuzi wa binadamu katika silaha zinazojiendesha, na tangu 2014 mataifa yamekuwa yakijadiliana Geneva. Mimi nimeshasimama upande wangu: mashine isiyoweza kupokea kusalimu amri haifai kupewa silaha, hata mezani.

Kwa hiyo karatasi za leo zina sehemu ndefu kuliko zote chini ya amri: ikipoteza mawasiliano ifanye nini, isimame wapi, nani mwingine anaweza kuisimamisha, mikono ikiinuliwa itoe sauti gani na kwa lugha zipi. Mwanafunzi mmoja anayecheza nasi siku hizi ameleta mashine ya machela mbili isiyo na bunduki. Mwenzake anataka kuiwekea moja ndogo, kwa hoja kwamba Mkataba wa Kwanza wa Geneva wa 1949 unawaruhusu wahudumu wa tiba kubeba silaha za kujilinda na kuwalinda majeruhi. Wa kwanza anajibu kwamba mhudumu analinda nafsi yake, na mashine haina. Mabishano yamekuwa makali, nami nimewaambia walete karatasi mbili, kila moja na uzito wake na gharama yake. Jumamosi, mashine zote mbili zitaingia uwanjani, na majeruhi watakuwa wa pande zote mbili.