Ukitaka kupanda meza, jifunze kwanza kushuka!

Leo tuongee karata. Si arubastini ya kijiweni ya kupitishia jua la mchana, wala si zile karata tatu za Kariakoo ambazo jamaa akikuzungushia macho kidogo tu, hata nauli ya daladala inakutoka. Nazungumzia poka, tena ya kwenye intaneti, ambapo unakaa meza moja na Mbrazili, Mkanada na Mfini, hamjuani, hamuonani, na kila mmoja anaitaka senti yako ile mbaya.

Mimi niko Coventry, Uingereza, mwaka wa nne sasa. Usiku nabeba boksi kwenye ghala, mchana nikishaamka nakaa mezani saa moja unusu, basi. Huku mchezo huu ni halali kwa mwenye miaka 18 na kuendelea, kampuni lazima iwe na leseni, na tangu Aprili 2020 ni marufuku kucheza kamari kwa kadi ya mkopo. Yaani unacheza na hela uliyonayo, si ya benki.

Kabla sijaenda mbali, tuelewane jambo moja. Poka si mkeka. Ukibeti mechi unapambana na kampuni, na kampuni hiyohiyo ndiyo imepanga bei. Kwenye poka kampuni haichezi kabisa. Yenyewe ni kama mwenye ukumbi: inaweka meza, inagawa karata, halafu kwenye mzigo ulioshindaniwa inakata chake, kwa kawaida karibu asilimia 5. Hela unayoshinda inatoka mfukoni mwa mwenzako. Maana yake nini? Haitoshi kuwa mjanja kuliko wenzako. Inabidi uwazidi kiasi cha kujilipa wewe na kumlipa mwenye ukumbi pia. Si mchezo!

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Katikati ya meza zinafunuliwa tatu, kisha moja, kisha ya mwisho, na hizo ni za wote. Kila hatua unaweza kuweka dau, kufuata dau la mwenzako, kulipandisha, au kutupa karata zako. Anayebeba mzigo ni mwenye karata tano bora, au yule aliyewatisha wenzake mpaka wote wakatupa. Kule kutisha ndiko mimi nakoita kupiga mkwara.

Meza zina ngazi. Ya chini kabisa dau la lazima ni senti 1 na senti 2 za dola, na kiti chake unakaa na dola 2. Inayofuata unakaa na dola 5. Halafu dola 10, dola 25, dola 50, dola 100, na kuendelea mpaka kwa vigogo wenyewe.

Nilianza na dola 40. Kwa nini 40? Kwa sababu hivyo ni viti 20 vya meza ya dola 2. Hiyo ndiyo sheria niliyojiwekea: sikai meza yoyote kama mtaji wangu hautoshi kulipia kiti chake mara 20. Na mtaji ukishuka chini ya viti 15, narudi meza ya nyuma saa hiyohiyo, bila ubishi. Wapo wanaoshika 30, wapo wanaoshika 50. Namba ni yako, muhimu ni kuiheshimu siku inayouma.

Utasema huyu bwana mwoga. Mbona kuna watu wametoka kimaisha kwa usiku mmoja? Ni kweli. Mwaka 2003 mhasibu mmoja wa Tennessee, Marekani, Chris Moneymaker, alilipa dola 86 kwenye shindano la intaneti, akapata nafasi ya kwenda Las Vegas kwenye mashindano ya dunia ya poka. Walikuwa watu 839. Akaibuka bingwa, akaondoka na dola milioni 2.5. Tangu hapo kila mwenye kompyuta akajiona Moneymaker. Lakini hebu nitajie majina ya wale 838 wengine. Huyajui, hata mimi nawajua wachache tu.

Anayenivutia zaidi ni Mmarekani mwingine, Chris Ferguson, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 2000. Mwaka 2006 alijipa mtihani wa kuanza bila hata senti moja, kwa kucheza mashindano ya bure, na mwaka 2007 akafikisha dola 10,000. Kwenye meza za kawaida hakuweka zaidi ya asilimia 5 ya mtaji wake. Asilimia 5 ni nini kama si sehemu moja ya 20? Bingwa wa dunia mzima, na bado alihesabu senti kama muuza karanga. Sembuse mimi mbeba boksi.

Na hapo kuna somo la pili. Kampuni aliyochezea, Full Tilt Poker, ni moja ya zile zilizobanwa na serikali ya Marekani siku ya Ijumaa, Aprili 15, 2011. Wachezaji wengi wa Kimarekani walisubiri hadi mwaka 2014 ndipo wakaanza kurudishiwa hela zao. Ndiyo maana kodi ya chumba changu na hela ya kutuma nyumbani haikai huko hata usiku mmoja. Huko unakaa mtaji wa karata tu.

Sasa kupanda kunapatikanaje? Kwa hesabu ndogondogo, msomaji. Chukua mfano huu. Mkononi una kopa mbili. Mezani zimefunuliwa karata nne, na mbili ni kopa. Ikija kopa nyingine kwenye karata ya mwisho, unakuwa na tano, mambo yako safi. Mezani kuna senti 60. Mwenzako anaweka 30. Ufuate?

Kopa ziko 13. Nne umeshaziona, zimebaki 9. Karata usizoziona ni 46. Tisa katika 46 ni kama mara 1 kati ya 5. Unatakiwa ulipe 30 ili ushindanie 90, yaani ili usile hasara inabidi ushinde angalau mara 1 kati ya 4. Wewe unashinda mara 1 kati ya 5. Tupa! Labda kama una hakika kwamba ikija, mwenzako atakulipa nyingine ya maana.

Kwenye meza ya dola 2 watu hawatupi. "Naisikia inakuja," wanajiambia, wanalipa. Pale mkwara ni kupoteza nguvu, maana asiyejua hatari hatishiki. Unasubiri karata nzuri, unampandishia dau, anakulipa mwenyewe kwa hiari yake. Ukifika meza ya dola 10 watu wanajua kutupa, na mkwara unaanza kuwa na kazi. Meza ya dola 25 unakuta ni wewe unayepigwa mkwara, tena na mtu aliyetulia kama maji ya mtungini.

Nina daftari la kurasa 96. Nikimaliza kucheza naandika michezo mitatu iliyonipa tabu kuamua, hata kama nilishinda. Kesho yake naipigia hesabu taratibu huku nakunywa chai. Ndo ndo ndo si chururu. Kutoka dola 40 hadi 100 ilinichukua miezi minne. Kutoka 100 hadi 200, miezi mitano. Kutoka 200 hadi 500, zile za kunikalisha meza ya dola 25, miezi tisa. Jumla miezi 18.

Na usidhani ilikuwa kupanda tu. Kuna Februari moja nilipewa ree mbili. Hizo ndizo karata bora kuliko zote, na kwa wastani zinakuja mara 1 tu katika migao 221. Mwenzangu ana kingi mbili. Hela zote zikaingia kati. Hapo mwenye ree anashinda kama mara 82 kati ya 100. Nikapigwa. Kesho yake tena hivyohivyo, ree kwa kingi, nikapigwa. Ukijumlisha na vipigo vingine vya wiki ile, mtaji ukateremka kutoka dola 208 hadi 149. Mstari wangu wa meza ya dola 10 ni 150. Nikafunga meza, nikarudi kwa wale jamaa wa "naisikia inakuja".

Roho iliniuma kichizi. Lakini sikuwa nimekosea kitu. Nikipewa zile ree leo, nitaweka hela zote tena. Hapo ndipo poka inapowashinda wengi: unaweza kufanya sawasawa ukapigwa, na mwingine akafanya upuuzi akalipwa. Mtaji kazi yake ni hiyo, kukuweka hai mpaka usawa wako uanze kuonekana. Anayeona aibu kushuka, anabaki juu mpaka amalize kila kitu.

Mwezi uliopita mdogo wangu wa Tandika kanitumia ujumbe. "Shikamoo kaka. Huku mikeka inachanika tu. Nina laki na themanini ya mitumba. Nikutumie uniwekee kwenye hiyo poka, tugawane."

Nikampigia simu palepale.

"Dogo, hiyo ndiyo hela yote ya biashara?"

"Ndiyo kaka."

"Na mama anakula wapi?"

Kimya. Maana mashati anayouza yeye pale sokoni ndiyo yanayonunua unga na mkaa siku ambazo hela yangu haijafika. Kisha akaniuliza, "Kaka, kwani wewe si unashinda?"

Nikamfungulia daftari. Nikiwa meza ya dola 10, nikicheza meza nne kwa mpigo, nilikuwa napata kama michezo 280 kwa saa. Faida yangu ilikuwa kama senti 50 kwa kila michezo 100. Piga hesabu: dola 1 na senti 40 kwa saa. Ghalani saa moja nalipwa zaidi ya pauni 12, nibebe boksi nikiwa na bahati au nikiwa na nuksi.

"Sasa laki na themanini yako ni kama dola 70," nikamwambia. "Kwenye meza ninayokaa sasa hivyo havifiki hata viti vitatu. Viti vitatu vinaweza kwenda jioni moja, na mimi nikiwa nimecheza vizuri tu."

"Sasa kaka, unahangaika kupanda kwa nini?"

Nikamwambia ukweli. Napenda. Faida ya kupanda ni kwamba akili ileile inalipwa dau kubwa zaidi, ingawa kila ngazi wapinzani nao ni wakali zaidi na faida inazidi kuwa nyembamba. Na naufanya kwa hela ambayo ikipotea yote, nyumbani hakuna atakayelala njaa. Yake haiko hivyo.

Hapo nikamgeuzia kibao. Kumbe alikuwa na mpango mwingine, achange na wenzake wawili wanunue belo zima la mashati. Msomaji unajua belo: linauzwa limefungwa, ndani hujui kama ni mashati ya kuvutia wateja au matambara ya kudekia. Hiyo nayo ni karata iliyofunikwa.

"Likitoka bovu unabaki na nini?"

"Nabaki na nauli."

"Basi hiyo meza ni kubwa kuliko mtaji wako. Kaa meza ya kuchagua shati moja moja alfajiri mabelo yanapofunguliwa. Faida ndogo, lakini unaiona karata kabla hujalipa. Ukifika uwezo wa kununua belo bovu na kesho ukafungua biashara kama kawaida, panda."

Alininunia wiki nzima. Nadhani aliona namnyima utajiri. Kisha Jumanne moja ikaja picha ya mashati kwenye kamba, yamenyooka vizuri. "Kaka, laki na ishirini nimechagua mashati. Sitini nimeweka pembeni, sigusi. Mkeka wa Jumamosi nimejiwekea mia tano tu."

Mia tano si sifuri, najua. Lakini hiyo ni meza anayoimudu, na sikumsema.

Jana kaniuliza kama bado niko meza ya dola 25. Nikamjibu bado, nina dola 391. Zikishuka chini ya 375, narudi kwa wa dola 10 bila kinyongo. "Haya kaka," akasema, "ukishuka uniambie, nisije nikakusifia bure huku sokoni."

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.