Kuku wa Bibi Mjane: Safari Yetu ya Wete

Hapana mtu aliyepata kwenda Pemba wakati wa msimu wa karafuu akaisahau harufu yake. Sisi tulishuka gatini Mkoani asubuhi, tukapanda gari ya abiria kuelekea Wete, na njia nzima, kilima baada ya kilima na bonde baada ya bonde, harufu ile ilitufuata. Kila penye uwanja palitandikwa majamvi, na juu yake karafuu zimeanikwa. Huachwa juani siku tatu hata tano, na wingu likitanda huzolewa upesi zikaingizwa ndani, maana karafuu iliyopata mvua huharibika.

Tumeitaja karafuu makusudi. Jambo tunalotaka kulieleza ni la kuku, lakini mzizi wake, kama msomaji atakavyoona, ulikuwa katika majamvi hayo.

Tulifikia nje kidogo ya mji wa Wete, kwa bibi mmoja mjane aleaye wajukuu wanne. Alikuwa na kuku kumi na mmoja, majike manane na majogoo watatu, na mayai yao ndiyo yaliyokuwa yakimpatia sabuni ya nyumba na madaftari ya watoto. Tulipoketi barazani tukawaona kuku wale, na hali yao ilikuwa ya kusikitisha. Huyu mgongo wazi, yule kichwa kimepukutika, wengine wamenyonyoka nyuma mpaka ngozi imekuwa nyekundu.

Tukamwuliza bibi kuku wamepatwa na nini. Akashusha sauti, akasema, "Wanangu, haya si maradhi. Haya ni macho ya watu."

Kisha akatusimulia. Mwezi mmoja nyuma, jirani yake alilalamika kuwa kuku wanapekua karafuu zake zilizoanikwa. Bibi, kwa kuchelea ugomvi, akawafungia bandani tangu asubuhi hata magharibi. Wiki ya tatu manyoya yakaanza kutoka na mayai yakapungua. Basi akaamini kuwa jirani amewatupia jicho. Tangu siku hiyo salamu zikakatika baina ya nyumba mbili zilizokuwa zikipelekeana chakula miaka mingi, na bibi alikwisha azimia kuwauza kuku wote kwa bei yoyote atakayopewa.

Katika mtaa ule tulikuwa na rafiki yetu, mzee aliyekuwa bwana mifugo, ambaye sasa amestaafu. Tukamwomba aje, naye akaja baada ya sala ya alasiri. Alipokwisha sikia habari yote akasema, "Bi Mkubwa, kabla hatujamshuku mtu, na tuwatazame kuku mmoja mmoja."

Wa kwanza tulimkamata sisi, tukamwonyesha shingo yake, tupu kama iliyonyolewa. Bibi akacheka. "Huyo ni kishingo, wanangu. Hata mama yake alikuwa vivyo hivyo." Mzee akathibitisha. Kishingo huanguliwa na shingo tupu kwa maumbile yake, naye hulistahimili joto vizuri. Tukaona haya kidogo, lakini tulipata somo la kwanza: si kila kuku asiye na manyoya ni mgonjwa.

Akawashika majike wawili waliopukutika kichwani na shingoni. Akaipeperusha ngozi kwa kidole, akatuonyesha vishina vichanga vikichomoza. Hawa wanabadili manyoya, jambo ambalo kuku mzima hulifanya kila mwaka, akianzia kichwani na kuteremkia mkiani. Zaidi ya sehemu nne kwa tano za unyoya ni protini, kwa hiyo mwili huacha kutaga ili ujenge vazi jipya. Kuku wa namna hii apewe chakula bora, kama vile dagaa na mchwa. Wala asichinjwe kwa kudhaniwa kuwa amekoma kutaga.

Watatu walikuwa wazi mgongoni na kisogoni, na manyoya yamevunjika. Mzee akawaelekeza kidole majogoo. Majogoo watatu kwa majike manane ni wengi mno, kwani jogoo mmoja huwatosha majike wanane hata kumi. Wakizidi, jike hupandwa mara kwa mara, na kucha za jogoo humharibu mgongo.

Wakabaki wale wenye wekundu nyuma. Akawapekua akitafuta chawa wa kuku, ambao hukaa mwilini usiku na mchana na kugandisha mayai yao kwenye mashina ya manyoya. Hakuona kitu. Akasema, "Tungoje usiku."

Baada ya isha tukaenda bandani na taa. Mzee akachukua kitambaa cheupe, akakipitisha chini ya fito wanazolalia kuku. Kitambaa kilitoka na michirizi myekundu ya damu. Hao walikuwa utitiri, wadudu wadogo mno ambao mchana hujificha katika nyufa za mbao na fito, na usiku hutoka kunyonya damu. Ndiyo maana mchana kuku huonekana safi. Kuku anayewashwa usiku kucha hujidonoa mwenyewe, na waliosongamana mchana kutwa katika banda dogo hudonoana wao kwa wao. Na ngozi ikionyesha damu, wote huishambulia.

Hapo jambo likatubainikia. Kuku waliozoea kutembea, kula wadudu na kujigaragaza vumbini walikuwa wamefungiwa mwezi mzima. Vumbi ndilo wanalojisafishia, na wadudu ndio kitoweo chao. Sote twaijua habari ya yule mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfunga paka, asimlishe wala asimwache ajitafutie. Bibi wetu hakukusudia ubaya, na pumba alikuwa akiwapa. Lakini kufuli lilikuwa lake, wala si la jirani. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Astaghfirullah. Nimemdhania mtu."

Asubuhi tukafanya kazi. Viota vya majani vikatolewa, vikachomwa moto. Fito na nyufa zikamwagiwa maji yachemkayo, na banda likapakwa chokaa ndani na nje. Mzee akasisitiza kazi ile irudiwe baada ya wiki moja, kwa kuwa mayai ya utitiri yaliyosalia huanguliwa, na wadudu hao huweza kukaa miezi kadhaa bila ya kula. Akaonya tena kuwa dawa ya kunyunyizia mimea isitiwe kuku. Mwenye kuhitaji dawa na amwulize bwana mifugo, amwambie pia kama mayai yanaliwa. Katika pembe ya ua ukawekwa mchanga mkavu uliochanganywa na jivu. Majogoo wawili wakauzwa, na fedha yake ikanunua dagaa.

Likabaki jambo la karafuu. Bibi alivaa buibui lake, akabisha hodi kwa jirani. Hatukuingia, wala haituhusu yaliyosemwa mle ndani. Tunalojua ni kwamba alasiri ile jirani alikuja mwenyewe na wavu mkuukuu wa kuvulia, wakauzungusha kwenye vijiti pembeni mwa majamvi, na kuku wakafunguliwa.

Miezi miwili baadaye tulipita tena Wete. Waliokuwa wakibadili manyoya walikuwa wanang'aa na wameanza kutaga. Walionyonyoka nyuma walikuwa wamefunikwa. Lakini wale watatu wa mgongo walikuwa bado wazi, kwani unyoya uliong'oka huota upya, ama uliovunjika shina likabaki hungoja mpaka kuku abadili manyoya yake. Bibi hakuwa na wasiwasi. Alikwisha elezwa kuwa hao watataka subira.

Basi enyi wenye kufuga kuku uani, na hasa vijana mnaopewa kazi ya kuwafungulia asubuhi, mwonapo manyoya yamezagaa chini, tazameni kwanza ngozi, hesabuni majogoo, na usiku pitisheni kitambaa cheupe chini ya fito. Tulipokuwa tukiaga, mjukuu mmoja alipita mbele yetu amebeba sahani iliyofunikwa kawa, akielekea nyumba ya pili.