Kabla ya Kupeleka Seva Juru

Jumatatu, 4 Agosti 2025. Rwekubo

Umeme umerudi saa mbili usiku, nimepata nafasi ya kupanga kazi. Seva zetu za masomo kule Nakivale, makazi ya wakimbizi hapa Uganda, ni kompyuta ndogo za Raspberry Pi 4 zenye programu ya Kolibri: mwanafunzi anaunga tableti kwenye waifai, anafungua masomo bila intaneti. Zote zinajengwa kwa faili zilezile za Ansible, programu ya kusanidi mashine, kuanzia jina la waifai mpaka nakala za akiba. Ndiyo raha yake, maana seva mpya inasimama bila mtu kukumbuka chochote kichwani. Na ndiyo hatari yake: herufi moja ikikosewa inafika vituo vyetu vya Base Camp, Juru na Rubondo kwa mpigo. Sasa nataka kila badiliko lipimwe na mashine yenyewe kabla halijapanda boda.

Jumatano, 6 Agosti

Molecule, programu ya kupima usanidi wa Ansible, imekaa kwenye laptopu ya zamani. Kila ninapohifadhi badiliko kwenye Git, inajenga mfumo mtupu ndani ya kontena, inaendesha usanidi, inauendesha tena, inakagua, kisha inabomoa. Ule mzunguko wa pili ndio ninaoupenda: usibadilishe kitu hata kimoja. Leo umekamata hatua iliyokuwa ikiongeza mstari uleule kwenye faili ya waifai kila inapopita. Baada ya masasisho kadhaa faili ile ingejaa mistari pacha, na hakuna ambaye angejua imetoka wapi.

Nimeandika pia ukaguzi wa mfumo mzima. Kipande kimoja kimoja kilikuwa kinafaulu: waifai iko hewani, Kolibri inaitika kwenye mlango wa 8080. Lakini mtoto hakutani na vipande. Kwa hiyo jaribio linafanya anachofanya yeye: linaunga waifai, linaomba anwani, linafungua ukurasa, linaingia kwa akaunti ya mwanafunzi, linacheza video ya somo. Likikwama popote, badiliko haliendi.

Jumamosi, 9 Agosti. Mbarara, kisha Rwekubo

Nilishuka mjini kununua nyaya na rilei, swichi ya umeme inayoendeshwa na kompyuta. Nikiwa huko niliendesha majaribio kwa rafiki mwenye intaneti ya kasi, yote yakafaulu. Jioni hapa nyumbani nimezima intaneti kabisa, nikarudia. Yamekwama mapema, kwenye hatua ya kusakinisha vifurushi: mfumo ulikuwa unakwenda kuvitafuta nje. Vituo vyetu havina intaneti, masasisho tunayapeleka kwa flashi. Kasi ya Mbarara ilikuwa inaficha shimo ambalo Juru lingeonekana siku ya kwanza.

Vifurushi vyote sasa vinatoka kwenye flashi, na jaribio linafunga njia ya kwenda nje kabla ya kuanza. Mahali pa kujaribia pafanane na mahali pa kazi, hasa kwa upungufu wake.

Alhamisi, 14 Agosti

Kontena haikatikiwi umeme, kwa hiyo haitoshi. Nimeweka Raspberry Pi halisi mezani, rilei ikakaa kwenye waya wake wa umeme. Jaribio linaanza zoezi kama mwanafunzi, linajibu maswali, na Kolibri ikiwa katikati ya kuandika, rilei inakata. Kimya. Inawasha tena, inasubiri, inauliza: majibu yapo?

Yapo. Kolibri inayatunza kwenye hifadhidata ya SQLite, na yale iliyokwisha kuyathibitisha yamerudi yote. Kilichoharibika ni tarehe. Kifaa hiki hakina saa yenye betri yake. Kikikosa intaneti ya kuulizia, kinaamka na muda wa mwisho kilioandika kwenye memori kadi, saa zote za giza zinapotea. Ukiwa na intaneti hulioni tatizo hili hata siku moja. Nitafunga saa ya DS3231 yenye betri ndogo, na ukaguzi mpya umeingia: umeme ukirudi, muda wa seva ulingane na wa laptopu.

Jumapili, 17 Agosti. Nakivale

Nimemweleza mwalimu wa kituo cha Juru, mama wa kutoka Uvira, nikidhani habari ya saa haitamshughulisha. Alinikatiza.

“Fundi, hiyo ndiyo kubwa. Watoto wengine wamefika hapa bila karatasi hata moja ya shule. Hii ndiyo kumbukumbu yao. Nikimwonyesha mtu kwamba huyu alisoma mwezi mzima, tarehe zisinisute.”

Nakivale inapokea wakimbizi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, na wapo watoto waliolazimika kuanza upya kwa kukosa ushahidi wa walichokwisha kusoma. Seva ndogo haimalizi shida hiyo. Lakini isiwe yenyewe inayoharibu ushahidi kidogo uliopo.

Nimemwomba daftari moja kituoni. Kila hitilafu iandikwe humo kwa maneno ya aliyeiona: tableti ilionyesha nini, umeme ulikuwaje, watoto walikuwa wangapi. Mimi nitaigeuza kuwa jaribio, nilione likishindwa, ndipo nirekebishe usanidi. Kwa njia hiyo tatizo lililoonekana Juru litazuiwa Rubondo kabla halijafika, na mwalimu ambaye hajawahi kugusa Ansible atakuwa anaamua pamoja nami kipi kipimwe. Seva mpya inakwenda Juru saa ikishafungwa na majaribio yote yakipita, umeme ukikatwa na intaneti ikiwa imezimwa.