Panki, Kilti na Kisutu cha Mama



Usiku mmoja nilikuwa namalizia gauni la bi harusi. Mwanangu wa kiume yuko pembeni na simu, makelele matupu. Nikanyoosha mkono nimnyang'anye. Nilipoiona video, mkono ukasimama. Mwanamume mzima, michoro mwili mzima, kavaa sketi ya drafti yenye marinda. Na marinda yale, wallahi, kayapiga fundi anayeijua kazi yake.

Muziki huo unaitwa panki ya Kiselti: magitaa ya fujo yamechanganywa na nyimbo za kale za Ireland na Scotland, kwa filimbi, benjo, zumari ya mfuko, na akodiani, ile ile ya kwenye taarabu yetu. The Pogues walianza London mwaka 1982. Mwimbaji wao, Shane MacGowan, alizaliwa Uingereza na wazazi wa Kiayalandi. Dropkick Murphys walianza mwaka 1996 huko Quincy, karibu na Boston, Marekani. Kwenye video za muziki huu utaona kofia bapa za vibarua wa zamani, buti, na mpiga zumari ndani ya kilti.

Sisemi mkausikilize. Nyimbo zao nyingi zimejaa pombe, na hiyo kwetu haina nafasi. Mimi lilinishika vazi.

Kilti ya kimila hula hadi yadi 8 za sufu. Mbele ni bapa, marinda yako nyuma, na fundi huyapanga moja moja ili drafti ionekane kama haikukunjwa. Baada ya uasi uliozimwa mwaka 1746, sheria ya Uingereza iliwakataza wanaume wa milima ya Scotland kuvaa nguo zao hizo. Kosa la kwanza, jela miezi 6. Marufuku yalidumu hadi 1782. Leo vijana wanaivaa mbele ya kamera, tena kwa maringo.

Hapo nikakumbuka harusi yangu. Mama alinitolea doti ya kisutu, nyekundu, nyeupe na nyeusi, aliyovishwa yeye na bibi. Nikamwambia, "Mama, ya kizamani hiyo, watanicheka." Mimi hakuna sheria iliyonikataza. Niliona haya tu. Mama akaikunja, akairudisha kashani, hakusema neno.

Na tangu nifungue duka, maharusi wangapi nimewaambia waachane na kisutu wachukue lesi?

Ijumaa nikaenda kwa mama. Nikamwomba radhi, nikamwomba na ile doti, nimwekee binti yangu.

"Nilimpa mtoto wa jirani alipoolewa," akasema. "Yeye aliitaka."

Radhi alinipa, alhamdulillah. Doti haikurudi, na sikuwa na uso wa kwenda kuidai.

Basi siku hizi bi harusi akija dukani, kabla sijashika mkasi namuuliza: mama yako kakuwekea nini? Akisema kisutu, namwambia akilete. Gauni tutashona, lakini nafasi ya kisutu tutaitafuta, iwe usiku wa kesha au siku ya kutolewa nje.

Nawe mwenzangu, kashani kwa mama kuna nini? Kamuulize mapema.