Njia Mbili za Sauti Moja

Sauti ya gitaa la besi haisifiwi sana, lakini ikiondolewa katika muziki kila msikilizaji huhisi upungufu wake. Mimi ni mpiga besi, na naona kuwa wajibu wa kwanza wa chombo hiki ni kuchukua uzito wa wimbo. Mapambo yanaruhusiwa, bali yasiung'oe uzito huo. Haja yangu hapa ni kueleza jinsi mpigaji awezavyo kuipamba sauti yake kwa pedali bila ya kuibomoa.

Desturi ya wengi ni kuzipanga pedali kwa mfululizo. Sauti hutoka katika gitaa, ikaingia katika pedali ya kwanza, kisha ya pili, hata ikafika kwenye amplifaya. Mpango huu ni mwepesi, na kwa gitaa la kawaida hauna lawama kubwa. Kwa besi una hatari. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetema mara 82 hivi kwa sekunde. Ule wa besi ya nyuzi nne hutetema mara 41 tu. Pedali nyingi za kukwaruza sauti zilibuniwa kwa gitaa la kawaida, na sakiti zake huzuia sehemu ya sauti nzito. Tena mkwaruzo wenyewe huzaa sauti nyingi za juu, ambazo huifunika nota iliyozizaa. Basi mpigaji hukanyaga pedali akitaka nguvu, akapata kelele. Na watu ukumbini, ambao miguu yao ilikuwa ikiifuata besi, hupungukiwa na kitu wasichoweza kukitaja.

Dawa yake ni kuzipanga njia sambamba. Kisanduku huipokea nota na kuigawa mara mbili. Njia moja huachwa safi. Nyingine hupitishwa katika pedali. Mwishoni hukutana katika kichanganyaji, na mpigaji hupima kiasi cha kila moja. Wazo hili lina ndugu wa zamani. Mwaka 1965, Beatles waliporekodi "Think for Yourself", Paul McCartney alipiga besi mbili, moja ya kawaida na nyingine ya mkwaruzo. Hizo zilipigwa mbali mbali, hazikugawanywa kutoka nota moja; walakini funzo ni lile lile, kwamba sauti mpya iliongezwa na ya kwanza haikufukuzwa.

Mtihani upo mahali pa kukutana. Sauti ni mawimbi, na ziko pedali ambazo hugeuza wimbi juu chini. Hapo njia moja hupanda wakati nyingine inashuka, na zikichanganywa hufutana. Swichi ya kuligeuza tena wimbi huondoa kasoro hiyo. Uchelewaji ni adui mgumu zaidi, hasa katika pedali za dijitali. Njia moja ikichelewa kwa milisekunde 5, sauti ya mitetemo 100 kwa sekunde hukutana na mwenziwe akiwa kinyume chake, na zikiwa na nguvu sawa hutoweka. Kwa sababu hiyo mimi hupenda kuchuja sauti nzito katika njia ya pili, ili uzito wote uwe na mwenyewe mmoja.

Wako wasemao kuwa njia mbili huleta sauti mbili zisizopatana, kama wasemaji wawili katika baraza moja. Neno hili lina haki yake. Mkwaruzo uliowekwa juu ya sauti safi waweza kuelea kama mafuta juu ya maji. Aghalabu kompresa iliyowekwa baada ya kichanganyaji husaidia kuzifunga pamoja, kwani hupanda na kushuka kwa sauti zote mbili huongozwa na mkono mmoja. Lakini sikio ndilo hakimu, na lisikilize katikati ya ngoma na sauti za wenzake, si chumbani peke yake.

Wapo pia wapendao besi iachwe kama ilivyotoka katika nyuzi. Siwagombi. Naomba tu watambue kwamba katika mpango huu ile besi waipendayo haikuguswa: ingali ikipita katika njia yake, na pedali zote zikizimwa, itabaki hiyo.