Kutoka Kalenga Hata Rungwe



Twasoma katika kitabu cha Yoshua ya kuwa wana wa Israeli, walipokwisha kuvuka Yordani, walitwaa mawe kumi na mawili mtoni na kuyasimamisha, ili watoto watakapouliza habari zake siku za mbele, wazazi wawe na jawabu. Habari hiyo tumeihubiri mara nyingi. Lakini tulipofanya safari ya siku nne kutoka Iringa kwenda Rungwe, waalimu wanne, akina mama wawili na watoto kumi na mmoja wa shule ya Jumapili, watoto wetu waliuliza kweli habari za mawe, na majibu yetu sisi wakubwa hayakupatana. Basi twawaandikia mambo tuliyoyaona, na maneno tuliyoambiana, kwa maana twadhani nyumba nyingi zina watoto waulizao namna hiyo.

Tulianzia upande wa mashariki, katika njia iendayo Morogoro, mahali paitwapo Lugalo. Pana mnara wa ukumbusho huko. Hapo tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wadachi, yaani Wajerumani, lilikuwa likipita katika njia nyembamba likiongozwa na Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo kwa sababu ya ukali wake. Alikuwa na mizinga na bunduki nyingi, wala hakudhani kwamba watu wenye mikuki wangethubutu kumkaribia. Wahehe walikuwa wamelala majanini. Ishara ilipotolewa waliinuka wote pamoja, na askari hawakupata nafasi ya kujaza bunduki zao. Katika muda mfupi sana Nyundo mwenyewe aliuawa, na pamoja naye Wadachi wengine na askari zaidi ya 200, na wapagazi wengi. Wazee husimulia ya kuwa aliyemchoma Nyundo kwa mkuki alikuwa kijana mdogo. Watoto wetu wa kiume walifurahi mno kusikia hayo, wakaanza kurushiana vijiti, hata ikabidi tuwakanye, kwa kuwa pale ni mahali pa mauti ya watu.

Wasomaji, tafadhali ushikeni mwaka ule, 1891. Tutaukuta tena.

Mji wa Iringa ulipata jina lake kutoka neno la Kihehe, lilinga, maana yake boma. Lakini boma hilo silo mji wa leo ulio juu ya kilima. Mji wa leo uliwekwa na Tom von Prince, afisa wa Wadachi, mwaka 1896. Iringa ya kwanza ndiyo Kalenga, yapata kilometa kumi na tano kutoka hapo, kando ya mto Ruaha Mdogo. Hapo ndipo alipokaa Mkwawa, mwana wa Munyigumba. Munyigumba ndiye aliyeziunganisha nchi ndogo ndogo za Uhehe chini ya mtawala mmoja, na alipofariki, karibu na mwaka 1879, mwanawe hakuupata utawala kwa urahisi, bali kwa vita. Baada ya Lugalo Mkwawa alijua ya kuwa Wadachi watarudi, akauzungushia mji wake ukuta wa mawe. Walirudi kweli. Tarehe 30 Oktoba 1894 gavana von Schele aliupiga mji kwa mizinga, na askari wakaingia. Mkwawa aliponyoka, akaishi miaka karibu minne msituni, akilishwa na kufichwa na watu wake, ingawa zawadi ya rupia 5,000 ilikuwa imewekwa juu ya kichwa chake. Ndugu yake Mpangile, aliyewekwa na Wadachi kutawala badala yake mwezi wa Desemba 1896, alinyongwa na hao hao kabla ya miezi mitatu kupita. Hata mwaka 1898, mwezi wa Julai, Mkwawa alipokuwa mgonjwa na amebaki karibu peke yake huko Mlambalasi, alijipiga risasi. Askari walipofika walimkuta amekufa. Wakamkata kichwa.

Kichwa hicho kilikwenda Ulaya. Mwaka 1919, wakuu wa mataifa walipofanya mapatano huko Versailles baada ya vita kuu, waliandika katika sharti la 246 kwamba Wadachi wakirudishe katika miezi sita. Haikuwa miezi sita. Ilikuwa miaka 35. Gavana Twining alikwenda mwenyewe Bremen, katika nyumba ya makumbusho yenye mafuvu mengi, akachagua moja kwa kulinganisha vipimo vya vichwa vya jamaa ya Mkwawa na kwa kuangalia tundu la risasi. Wako wataalamu wanaotia shaka kama ndilo lenyewe. Lakini mwezi wa Juni 1954 lilikabidhiwa Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge miaka mingi. Na watu wa Uhehe walilipokea kama mtu anavyopokea mzazi aliyepotea.

Limo humo hata sasa, ndani ya sanduku la kioo, katika nyumba ndogo yenye mikuki, ngao na rungu. Nje, si mbali, liko kaburi la afisa Mdachi aliyekufa siku ile ya kushambuliwa kwa mji. Tuliingia tukiwa tumevua kofia. Ndipo mtoto mmoja wa kike, umri wake miaka tisa, akauliza kwa sauti iliyosikiwa na wote: "Baba Mwalimu, huyu alikuwa mtu mwema?"

Mwalimu aliyeulizwa ni Mhehe, na babu wa babu yake alipigana Lugalo. Akajibu, "Mwanangu, alikuwa mtu asiyekubali kutawaliwa na mgeni." Jawabu zuri, nasi wengine tuliitikia. Lakini mama mmoja wa safari yetu, ambaye kwao ni Usangu, hakuitikia. Alisimama karibu na mlango, akitazama nje. Mwisho akasema polepole, "Kwetu bibi zetu walitutaja jina hilo tulipokataa kulala."

Mwalimu alinyamaza. Hatukuongea sana mpaka tulipofika garini.

Kesho yake tulishika njia ya Mbeya. Yapata kilometa ishirini tu kutoka mjini tuliteremka Isimila kutazama bonde lile lenye nguzo za udongo, ndefu kama minara, zilizochongwa na mvua. Mwaka 1951 mawe yaliyochongwa na mikono ya watu yalitambuliwa huko, na baadaye wataalamu walifukua maelfu: mashoka ya mawe, ya kukatia na kuchunia nyama, ya zamani kupita hesabu yetu ya kawaida, kwa maana vipimo vingine vimetoa zaidi ya miaka 200,000. Mlinzi alitupa jiwe moja tulishike. Lilikaa kiganjani kana kwamba limetengenezwa kwa ajili ya mkono ule ule. Twakiri ya kuwa sisi waalimu tumezoea kuanza historia ya nchi hii kwa kuja kwa misioni, na jiwe lile lilitutia haya kidogo.

Baada ya hapo njia ni ndefu: Mafinga na misitu ya misonobari, Makambako yenye upepo ambao haupumziki, kisha mteremko mpaka tambarare ya Usangu, penye joto na mashamba ya mpunga. Ndipo yule mama alipoanza kunena bila kuombwa. Na mwalimu Mhehe, ambaye asubuhi aliketi mbele pamoja na dereva, alikuwa ameomba kubadilishana mahali na mwenzake akaja kuketi nyuma ili asikie.

Alisema ya kuwa zamani Usangu ndiyo iliyokuwa nchi yenye nguvu, na Merere mtawala wake alijulikana mpaka pwani. Kisha Wahehe wakakua. Mzungu mmoja, Elton, balozi wa Waingereza huko Msumbiji, alipopita mwaka 1877 aliukuta mji wa Merere umezingirwa na jeshi la Wahehe. Mwishowe Wasangu wakaiacha nchi yao, wakakimbilia Usafwa karibu na milima ya Mbeya, wakajenga boma jingine na kuliita kwa jina la nyumbani, Utengule. Kwa hiyo msafiri asishangae akisikia Utengule mbili. Ya kwanza ni ya asili, ya pili ni ya ukimbizi.

Mtoto yule yule akauliza tena: "Basi Wasangu waliwasaidia Wadachi?"

Mama akajibu, "Ndiyo. Mikuki ya Merere ilikwenda pamoja na bunduki za Wadachi. Nao wakapata kurudi kwao." Akamgeukia mwalimu. "Nasema kweli, Mwalimu, sisemi kwa kujisifu."

Mwalimu akasema, "Najua, mama. Wazee wetu wanalisema hilo kwa uchungu. Lakini habari ya kukimbia sikupata kuambiwa na mtu."

Tumeandika maneno yao kama tulivyoyasikia. Hawa wawili wamekula meza moja ya Bwana karibu miaka kumi na miwili, katika usharika mmoja, wala hawakuwahi kuzungumza jambo hili.

Mji wa Mbeya wenyewe tuliupita upesi. Ni mji wa juzi; ulianza mwaka 1927 au karibu na hapo, kwa ajili ya dhahabu ya Lupa, na makao makubwa ya zamani ya upande ule yalikuwa Tukuyu. Tulilala hapo, tukala ndizi na viazi, watoto wakalia baridi.

Siku ya tatu tulipanda Rungwe. Nchi hiyo haifanani na Uhehe hata kidogo. Mlima unakaribia kimo cha mita 3,000, nao ulikuwa mlima wa moto. Udongo wake ni mweusi, mvua hainyimi, na migomba na chai hufika mpaka mlangoni. Katika mto Kiwira liko daraja lililofanywa na mawe ya moto yaliyoyeyuka na kupoa juu ya maji. Watu huliita Daraja la Mungu, na hakuna fundi aliyelitia mkono.

Huko ndiko tulikoukuta tena mwaka 1891. Mwaka ule ule Nyundo alipokufa Lugalo, wamishonari wa Moravian walifika Rungwe, Theodor Meyer na wenzake, na wale wa Berlin wakafika vilevile katika nchi ya Wanyakyusa, wakiongozwa na Alexander Merensky. Hawakupita Uhehe. Walikuja kwa kusini, kwa mto Shire na Ziwa Nyasa, njia ambayo Waskoti wa Livingstonia walikuwa wameifungua miaka ya 1870. Mmoja wa wale Wamoravian, Georg Martin, alifariki kwa homa mwaka ule ule wa kwanza. Wenzake walikaa miaka kabla ya kumwona mtu wa kwanza akibatizwa, mwaka 1897, naye alikuwa mwanamke, jina lake Fiabarema.

Mtoto wetu hakukosa swali. "Walikuja na askari?"

Tulitazamana. Mmoja wetu alisema la, walikuja na mahema na vitabu, kwa njia nyingine. Hilo ni kweli. Mwingine akasema, bendera ilikuwa ile ile moja, na Wamoravian walipoweka kituo chao katika Utengule ya ukimbizini mwaka 1895, Kalenga ilikuwa imekwisha kuanguka mwaka uliotangulia. Hilo nalo ni kweli. Tulimwambia mtoto yote mawili. Alifikiri kidogo, akaomba ndizi.

Mzee mmoja wa kanisa aliyetupokea, baada ya kuamkiana na kusema "ndaga" mara nyingi, alituonyesha makaburi ya zamani, lakini alipenda zaidi kutusimulia miaka ya vita kuu ya kwanza. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipoingia, wamishonari Wadachi walichukuliwa wafungwa. Shule zikakosa fedha, vitabu vikakosa. Waskoti wa Livingstonia walikuja baadaye kuangalia, lakini walikuwa wachache mno kwa nchi kubwa vile. Walioshika kazi ni waalimu na wazee, watu wa kwao, wengi wao bila mshahara wowote. Waliwafundisha watoto kuandika mchangani, waliwazika wafu, na waliwaweka wakatekumeni miaka mingi wakingoja ubatizo. Wamoravian Wadachi waliporudi, katikati ya miaka ya 1920, hawakukuta magofu. Walikuta makutano makubwa kuliko waliyoyaacha. Mzee alilisema neno hilo mara mbili, akigonga fimbo yake chini. Sisi waalimu, ambao hunung'unika vitabu vinapochelewa mwezi mmoja, hatukuwa na la kusema.

Siku ya nne tulirudi moja kwa moja. Watoto wengi walilala. Tulipokaribia Iringa jua lilikuwa linashuka, na yule mama wa Usangu akamwomba dereva apite kwanza Kalenga. Akasema siku ile alisimama mlangoni tu, hakutazama vizuri. Mwalimu Mhehe akasema atafuatana naye. Tulipofika nyumba ilikuwa imekwisha kufungwa, na mlinzi akatuamkia, "Kamwene," akatuambia turudi kesho, saa tatu asubuhi. Walikwenda wao wawili, na mtoto yule.